Jokofu la Sita

Basi lilikuwa na viti vitupu tele, lakini mama mmoja alikwenda moja kwa moja kukaa karibu na bwana aliyevaa shingoni kitambulisho cha taasisi ya utafiti wa magonjwa. Mimi nilikuwa nyuma yao.

"Samahani, kaka, wewe ni daktari pale?"

"Hapana, dada. Natunza majokofu tu." Alilitamka hilo "tu" kama mtu anayesema anafuga kuku tu.

Mama akatoa kadi iliyochakaa, yenye namba. Miaka minne iliyopita mwanawe alitolewa damu pale, homa ya uti wa mgongo ikamchukua siku ya tatu. "Walisema damu itawekwa kwa ajili ya utafiti. Bado ipo?"

Bwana akaisoma namba. "Ipo. Namba za mia nne ziko jokofu la sita."

"Nipeleke nikaione."

"Hairuhusiwi, dada. Hata sisi tunaozitunza hatuambiwi ni za nani. Ni namba bila majina, ili kumlinda mtoto."

"Mtoto alishakufa, kaka. Mnamlinda na nani?"

Bwana akamrudishia kadi.

"Nguo zake niligawa, na simu yenye picha zake iliibiwa. Kilichobaki ni hicho, nacho mnakiita mia nne na kumi na saba."

"Tafadhali usinitajie jina," akasema bwana kwa sauti ndogo. "Nikilijua, kesho nitalifunguaje lile jokofu?"

Basi likasimama mbele ya lango la taasisi. Mama akamshika mkono, akalitaja jina la mtoto, na la baba yake. Hakunong'ona. Tulilisikia sote, hata dereva, ambaye alisahau kufungua mlango.