Mapazia ya Mpira

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mama yao keti hapa miguuni, maana sauti inaniishia na sitarudia maneno. Leo asubuhi nimelisikia lori langu likirudi uani likivutwa kwa kamba na trekta, nanyi mkamnong'oneza mama yenu yote, kila mmoja kivyake, mkidhani nimelala. Sikulala. Mwili ndio mgonjwa, masikio bado mazima.

Nyumba ni ya mama yenu, asisumbuliwe humu mpaka siku atakayonifuata. Lori ni lenu wawili, kaka na dada, asiliuze mmoja bila mwenzake, kwani ndilo lililowalisha na kuwasomesha, likipanda machimboni kubeba mawe, masika na kiangazi, kwenye njia ambayo hata mwenda kwa miguu huiogopa. Lakini jamani! Nawaachia lori gani, ikiwa injini imejaa tope mpaka feni haizunguki?

Wewe mkubwa, usiangalie chini, niangalie mimi. Nani alikwambia ung'oe mapazia yangu? Niliyakata kwa mikono hii kutoka kwenye tyubu kuukuu, nikayaning'iniza kati ya injini na matairi ya mbele, nikayafunga juu tu, chini nikayaacha huru, ili tairi likirusha tope lipige mpira lianguke, na joto lipate pa kutokea. Madereva wenzio wakakucheka, eti lori limevaa kanga, ukaona haya, ukaenda kwa mchomeleaji akakuzibia chini na pembeni kwa bati. Haya, bati linang'aa, umefurahi? Ulipoingia kwenye dimbwi, tope likapita mbele kwenye rejeta, na likishaingia litoke wapi? Limeganda humo, limeng'ang'ania mkanda wa feni, injini imechemka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe umevunja guu la nyumba nzima. Nimekasirika, sifichi!

Na wewe binti, usicheke. Uliliona bati likifungwa ukanyamaza, kwa kuwa hamsemeshani tangu mgombee usukani. Ulitaka akwame ndipo upate la kusema. Haya, amekwama, na sote tumekwama naye. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na yule mnunuzi wa vyuma chakavu ameshaanza kuchungulia uani kwetu. Akilipata lori langu kwa ugomvi wenu, msije kulia juu ya kaburi langu.

Sikilizeni sasa, pumzi inakatika. Ling'oeni hilo bati leo hii, pamoja. Osheni injini kwa ndoo na brashi, polepole, msipige nyaya kwa maji ya nguvu. Mapazia yangu ya mpira yako nyuma ya mlango wa stoo. Mmoja ashike, mwingine afunge nati, na mtasemeshana tu, maana kazi hiyo haifanyiki kwa ububu. Njia ya makaburini ina tope msimu huu, na lori lile ndilo litakalonibeba. Sitaki kuvutwa kwa kamba mbele ya watu.

Radhi yangu mnayo, nyote wawili... hata wewe mkaidi, ukaidi umeurithi kwangu. Mungu awape mikono isiyochoka... na ndimi za kuambizana mapema. Hapana, maji sitaki. Mama yao, fungua dirisha... liache wazi hivyo hivyo. Mbona mmesimama? Nendeni... Mkimaliza, liwasheni... nilisikie.