Mzee Elia Pan na Ripoti za Jumamosi

Wachungaji wetu, ndugu, jamaa na marafiki mliotoka Houston, Dallas, Fort Worth na kwingineko, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mkae vizuri, maana historia hii ni ndefu kuliko mlivyozoea, na aliyetaka iwe ndefu ni marehemu mwenyewe, ambaye aliisoma yote kabla hajafa, isipokuwa habari za kifo chake na shukrani, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha akatia sahihi kila ukurasa. Anayewasomea ni mkwe wake, Mwita, kwa idhini ya mama mkwe wake, Bi Bertila, na kwa idhini ya mke wake, Flaviana, ambayo ilichelewa kidogo kupatikana, na sababu yake mtaisikia.

Mzee Elia Pan Shouren alizaliwa tarehe 11 Machi 1924 katika mji wa Yichang, kando ya Mto Yangtze, nchini China, akiwa mtoto wa pili wa mzee Pan, fundi cherehani, na mama ambaye marehemu alimkumbuka kwa ukali wake na kwa supu yake. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1931 hadi 1937, ambako alijifunza kusoma, kuhesabu, na kuimba nyimbo za dini, ingawa kwa upande wa kuimba wanakwaya wa hapa ni mashahidi kwamba masomo hayakumwingia. Mwezi Juni 1940, jeshi la Japani lilipouteka mji wa Yichang, kaka yake mkubwa alikuwa tayari amejiunga na jeshi la serikali, naye Pan, akiwa na miaka kumi na sita, alikimbia kuufuata mto kwenda juu hadi Chongqing, uliokuwa mji mkuu wakati wa vita, akapokewa na mjomba wake aliyekuwa na duka la kushona sare za maofisa.

Hapo ndipo maisha ya kazi ya marehemu yalipoanzia, na ndipo penye sehemu ambayo wengi wenu hamkuijua, maana sisi wenyewe tulioishi naye nyumba moja hatukuijua. Mwezi Mei 1942 ofisi ya siri ya serikali ilimwandikisha kijana Pan kuwa mpelelezi, ndiyo, shushushu kabisa, kwa sababu fundi nguo akishamzungushia mtu kipimo kiunoni husikia mengi, na koti likiletwa kupunguzwa huwa na vitu mifukoni. Siku hiyohiyo aliandikishwa pia mwenzake wa dukani, fundi mkataji aliyeitwa Meng Delin, aliyemzidi miaka miwili, waliyelala naye chumba kimoja, wakala sahani moja, na ambaye marehemu alisema ndiye mtu wa kwanza aliyemchekesha tangu aondoke kwao.

Ofisi ile ilikuwa na utaratibu wake, kwamba kila Jumamosi kila mpelelezi aandike ripoti juu ya mwenzake anayefanya naye kazi, yaani Pan amwandike Meng, na Meng amwandike Pan, bila mmoja kujua ya mwingine. Vijana wale walilijua jambo hilo wiki ya kwanza tu, wakacheka, wakakubaliana kuziandika pamoja, na kwa kuwa mwandiko wa Pan ulikuwa kama kuku ameparura, Meng akawa anaandika zote mbili, moja kwa mwandiko wake mzuri, nyingine kwa kuuiga ule wa Pan, hata mwenyewe Pan asiweze kutofautisha. Pan alikuwa akipiga tu muhuri wa jina lake chini ya karatasi na kuipeleka. Ripoti zilisema kwamba fulani amekula tambi, fulani ameumwa jino, fulani amelisifu jeshi, na mwaka mmoja na nusu ukapita hivyo.

Lakini wapendwa, mficha maradhi kifo humuumbua. Wakati huo chama cha serikali na Wakomunisti walikuwa wamekubaliana kupigana na Mjapani bega kwa bega, huku wakichunguzana kama wake wenza, na mwezi Desemba 1943, wakiwa wanakunja mapindo ya suruali, Meng alimwambia Pan kwamba yeye ni wa upande wa pili, na kwamba yote yanayosikika dukani huyapeleka huko pia. Marehemu alisema sindano ilimchoma kidole na hakuihisi. Alikuwa amekula kiapo kwa serikali, kaka yake alikuwa mstari wa mbele akiipigania serikali hiyo, na rafiki aliyemweleza siri ya roho yake alikuwa ameketi mbele yake akisubiri jibu. Aliendelea kushona, na Jumamosi iliyofuata akapiga muhuri kwenye karatasi iliyosema Meng ameugua mafua.

Mwaka 1944 maofisa walianza kunong'ona kwamba dukani kuna anayevujisha siri, mafundi wakaanza kuogopana, mjomba akaacha kuzungumza mezani, na mwanzoni mwa mwezi Oktoba ofisi ikawaita wote na kuwaambia kwamba atakayebainika kuwa msaliti atachukuliwa pamoja na mwenzake aliyekaa naye bila kumripoti. Jumamosi tarehe 14 Oktoba 1944, Pan alikuwa na koti la kanali la kumaliza kabla ya saa sita, Meng akamletea karatasi kama kawaida, Pan akapiga muhuri bila kuisoma, akaitia kwenye bahasha, na jioni akaipeleka mwenyewe kwa miguu yake. Jumatatu tarehe 16, saa nne asubuhi, watu watatu waliingia dukani wakamchukua Meng akiwa bado na kipimo shingoni. Pan aliitwa ofisini siku hiyo, akapewa kiti na chai, akasifiwa kuwa mtumishi mwaminifu, kisha mkuu wake akamsomea ripoti yenye muhuri wake, iliyoeleza kwamba Meng Delin ni mtu wa Wakomunisti, na kwamba yeye Pan amemchunguza kwa mwaka mzima kwa uchungu mkubwa na hawezi kunyamaza tena.

Angesema hakuiandika yeye, wangekufa wote wawili. Alikunywa ile chai. Meng hakuonekana tena.

Marehemu aliacha kazi ya ujasusi kwa kutoroka mwezi Aprili 1949, akafika Hong Kong, akapata kazi jikoni kwenye meli ya mizigo, na tarehe 3 Septemba 1950 akashuka Tanga, enzi za mkonge, akiwa na mkasi, kipimo na maneno manne ya Kiswahili, ambayo Bi Bertila ameomba yasisomwe kanisani. Alifungua kibanda cha ushonaji Ngamiani, akabatizwa kwa jina la Elia siku ya Pasaka mwaka 1953, na tarehe 22 Novemba 1958 alifunga ndoa na Bertila, binti wa Lushoto, baada ya wazee wa Kisambaa kujadiliana miezi minane kama huyu bwana ana ukoo, na yeye kuwajibu kwamba ukoo wake ni wao wakimkubali. Mungu aliwajalia watoto wawili, Flaviana, aliyezaliwa mwaka 1961, na Isack, aliyezaliwa mwaka 1966, na wajukuu watano, ambao babu yao alikuwa akiwaamkia kwa Kiswahili na wao wakimjibu kwa Kiingereza, naye akirudia kwa Kiswahili mpaka wachoke wao.

Mwaka 1970, Wachina walipokuja kujenga reli ya kwenda Zambia, marehemu aliajiriwa kuwa mkalimani, na hakuna miezi aliyoisimulia kwa kicheko kama hiyo, kwa kuwa Wachina walimdhania jasusi wa Taiwan, maofisa wetu wakamdhania jasusi wa Wachina, na pande zote mbili zilimletea suruali za kupunguza ili zimchunguze. Kicheko kiliisha siku alipoombwa aandike kidogo, kidogo tu, kuhusu mienendo ya wenzake kambini. Aliweka funguo za chumba mezani, akapanda basi, akarudi Tanga kwa cherehani yake, na mkewe alipouliza vipi mshahara mzuri namna ile unaachwa, alisema tumbo lilimuuma.

Yapo mengine tuliyoyaona bila kuyaelewa. Mwita alipokwenda kuposa mwaka 1988, mzee alisema kwanza ampime suti, na katika dakika ishirini za kupimwa mabega na kiuno kijana wa watu alijikuta ameeleza mshahara wake, ugomvi wa baba zake wadogo kule Tarime, na mchumba wa zamani wa Musoma, na suti ilipokuwa tayari mzee alikuwa anamjua kuliko alivyojijua. Flaviana alikuja Houston kusomea uuguzi mwaka 1994, Isack akafuata akapata kazi Irving, karibu na Dallas, na mwaka 2003 wazazi waliletwa, wakaanza kuishi mtaa wa Gulfton, Houston, ambako marehemu aliusoma mkataba wa nyumba kwa siku mbili, kurasa ishirini na tatu, kwa kamusi, huku meneja akisubiri na mizigo ikilala kwa jirani, Mama Kudra. Hakuwahi kutia sahihi kitu bila kukisoma, iwe risiti ya mzigo au fomu ya shule ya mjukuu, na simu tuliyomnunulia ilikaa wiki tatu bila kutumika kwa sababu alikuwa hajamaliza kusoma yale masharti ambayo sisi wote hubonyeza tu kwamba tumekubali. Tulimtania sana kwa hilo. Mungu atusamehe.

Familia ilipohamia Sugar Land mwaka 2009, wazee wa Kichina wa mtaani walimkaribisha mara nyingi, wakamletea keki, naye aliwajibu kwa heshima, akarudi ndani, kwa sababu yeye alimwogopa kila mzee wa rika lake, asijue mwenzake alikuwa upande gani, wala ana mtu gani aliyempoteza.

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi Machi 2023, na figo zikafuata. Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025 aliagiza Isack aendeshe gari kutoka Irving, saa nne barabarani, akatuketisha sote sebuleni, na akatueleza haya mliyoyasikia. Bi Bertila, miaka sitini na sita ndani ya ndoa, alikuwa anayasikia kwa mara ya kwanza, na aliyapokea akiwa amemshika mkono, bila kuuachia.

Flaviana alilia, kisha akakasirika, maana alijua Watanzania wenzetu wa hapa, na makundi ya WhatsApp yalivyo, akaona kesho itasemwa kwamba baba yao alikuwa shushushu na alimuuza rafiki yake. Aliandika historia yake yeye, nzuri, fupi, ambayo miaka kumi ya vita ilikuwa mstari mmoja, kwamba alifanya kazi ya ushonaji. Mzee aliisoma kwa miwani miwili, akairudisha bila sahihi. Baba na binti hawakusemeshana vizuri kwa wiki tano, naye Flaviana ndiye aliyekuwa akimpa dawa asubuhi na jioni, kwa hiyo mnaweza kukisia hali ya nyumba.

Kilichomtesa mzee si midomo ya watu. Alichotaka kukijua, na ambacho miaka themanini na mmoja hakikumpa usingizi, ni kama Meng aliandika karatasi ile akijua kwamba rafiki yake hataisoma, au aliiandika akitumaini kwamba ataisoma, ataichana, na watatafuta njia nyingine pamoja. La kwanza lilikuwa zawadi ya uhai. La pili lilikuwa kilio cha kuomba msaada, na yeye alikibeba hadi ofisini ndani ya bahasha. Aliwauliza wachungaji, alimuuliza Isack, alimuuliza hata daktari wa figo, maskini, na kila mmoja alimpa maneno mazuri ambayo hayakumsaidia.

Siku ya Jumapili tarehe 28 Septemba, baada ya ibada, alimuuliza Bi Bertila, ambaye hakuwa ameulizwa mpaka hapo kwa sababu mzee aliliogopa jibu lake kuliko yote. Mama alimrekebishia shuka, akasema: "Elia, yule alikuwa anaandika kwa mkono wako. Angetaka uisome, angekusomea mwenyewe."

Mzee alilia kwa sauti, jambo ambalo watoto wake hawakuwahi kuliona, kisha akalala mchana mzima. Flaviana alikuwa mlangoni na vidonge mkononi. Jioni ile alichukua daftari, akaketi kando ya kitanda, na hii historia mnayoisikia aliiandika yeye, maneno ya baba yake neno kwa neno kutoka kinywani mwake, na yale tuliyoyaona sisi tukayaongeza.

Mzee Elia Pan alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, hospitalini Houston, akiwa na umri wa miaka 101, mkewe na watoto wote wawili wakiwapo. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa wale wauguzi wa Kikenya, dada Kerubo na dada Jepchirchir, waliomwita guka, yaani babu, mpaka akaitika, inawashukuru majirani wa Gulfton na Sugar Land, wakiwamo wazee wa Kichina ambao leo wamejaza mabenchi mawili ya nyuma bila kualikwa, Mama Kudra aliyepika siku tisa, wafanyakazi wenza wa Flaviana waliobeba zamu zake, na usharika wote.

Limebaki agizo moja la mwisho, lililo kwenye ukurasa wa mwisho wenye sahihi yake. Meng Delin alizaliwa mwaka 1922 katika mji wa Wanxian, siku na mwezi marehemu hakuvijua. Alisoma miaka minne. Alikuwa fundi mkataji, hodari wa makoti, mwenye mwandiko mzuri na mzaha mwingi. Hakuoa, hakuacha mtoto. Alichukuliwa tarehe 16 Oktoba 1944. Tarehe ya kifo chake haijulikani, kaburi lake halijulikani, na hakuna mahali popote ambapo watu walikusanyika wakasomewa maisha yake, hadi leo, hapa, mbele yenu. Tunaomba msimame.

Mpumzike kwa amani, Elia na Meng.