Historia ya Dada Yetu, Fundi Cherehani Aliyesikiliza Injini

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya dada yetu, na kwa kuwa shemeji yangu, mume wake, hasikii vizuri, binti yao amekaa ubavuni kwake akimrudia kila neno sikioni, kwa hiyo nitasoma polepole, mnivumilie.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1954, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, akafanya vizuri katika masomo yote, ila kwaya alifukuzwa, si kwa ubaya wa sauti, bali kwa kumwambia mwalimu mbele ya wenzake kwamba kinanda chake kimelegea. Dada hakuwa na dogo, na wengi wenu hapa mnalijua hilo kwa gharama zenu.

Baada ya chuo cha ushonaji, tarehe 3 Januari 1973 aliajiriwa katika kiwanda cha sare za shule, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu kama msimamizi wa ukumbi wa kushonea, na sifa yake ilikuwa kusikia cherehani inayoanza kuumwa kabla uzi haujakatika. Siku moja alimwita fundi mitambo, kijana mwembamba mwenye majivuno, akamwambia mashine ile inaumwa, kijana akaikagua, akasema ni nzima kabisa, akaenda zake akipiga mluzi, kesho yake ikakwama, akarudi amefyata mkia. Huyo ndiye shemeji. Walifunga ndoa tarehe 22 Oktoba 1977, wakajaliwa watoto watatu, wote wapo hapa leo na wenzi wao.

Mwaka 1984 shemeji alileta nyumbani, likivutwa kwa kamba, gari la spoti la zamani, jekundu, paa la turubai, viti viwili. Watoto watatu, viti viwili, hesabu hiyo hata mimi niliyefeli niliona haikubali, lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na dada naye, baada ya kununa wiki nzima, alitoka nje kuliangalia. Mara ya kwanza shemeji alifunga distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche za kuwasha injini, kinyume, cheche zikawa zinakuja wakati usio wake, gari likapiga mshindo mmoja mtaa mzima ukatikisika, na jirani yetu wa geti la bluu, namwona pale anacheka, aliingia uvunguni na viatu vyake.

Tangu hapo kazi ikawa ya wawili. Valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, husetiwa injini ikiwa baridi, kwa hiyo asubuhi ya kazi ole wake atakayegusa ufunguo, dada aliizungusha injini polepole kwa spana, shemeji akachomeka kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, wakabishana kama kinabana au kinapwaya, wakakubaliana. Kisha ikaja taimingi, yaani kuhakikisha cheche inafika kwa wakati wake, na hapo shida ilikuwa kwamba alama za kuonyesha wakati huo, kwenye puli, lile gurudumu la mbele ya injini, zilishaliwa na kutu, na masikio ya shemeji yalishaliwa na jenereta la kiwandani. Basi injini ikinguruma, yeye aliinama akigeuza distribyuta kidogo kidogo, dada akasimama nyuma yake, mkono begani, akisikiliza, na injini ilipotulia alimminya bega, shemeji akakaza nati. Walifanya hivyo karibu miaka arobaini, na siwezi kusema hawakugombana, ila sijawahi kuwaona wakigombana wakiwa kwenye gari lile.

Mwezi Februari 2023 dada aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Kifo hakikumtisha sana, mwenyewe alisema umri ameula, hofu yake ilikuwa moja, aliniambia kwamba mzee huyu asipojua kuliseti gari peke yake ataliuza, na akishaliuza atakaa kitini akitazama ukuta mpaka amfuate. Alimwambia ajifunze kutumia kiganja, aisikie injini kwa mkono, lakini shemeji alikataa katakata, akawa anasema utapona tutafanya wote, maana kwake kujifunza ilikuwa sawa na kumruhusu aondoke. Dada akagoma kula. Wallahi, mgonjwa yule, siku mbili hakugusa kijiko, mpaka shemeji alipoinua mikono.

Asubuhi moja ya mwezi Julai tulisogeza kitanda dirishani, shemeji akaseti valvu peke yake, spana mkono huu, kibati mkono huu, akawasha, akaweka kiganja juu ya bodi, akageuza distribyuta, akatazama dirishani. Dada akatikisa kichwa kukataa. Akarudia, akatikisiwa tena, akarudia na tena, jasho likimtiririka na manung'uniko juu, na jua lilikuwa limepanda sana dada alipoinua kidole gumba.

Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 9 Agosti 2023, sote tukiwa naye. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kumchoka, ingawa aliwakosoa, majirani mliopika na kukesha nasi, na wenzake wa kiwandani mliokuja na maturubai haya mliyoyashona wenyewe.

Limebaki moja. Jana shemeji aliwaambia wanawe watafute mnunuzi wa gari, kwa kuwa kazi ndogo ile ya Julai ilimchukua asubuhi nzima, na bila mke wake yeye si fundi tena. Shemeji, dada aliniagiza nikwambie siku hii, mbele za watu, usipate pa kubishia. Ulipatia mara ya kwanza. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, injini ilipotulia alifumba macho akasema safi, kisha akakutikisia kichwa, nikashangaa, nikamuuliza mbona, akaniambia ninyamaze, bado hajashiba kukuangalia.

Dada, nimemwambia. Pumzika kwa amani.