Janelle Ruth Crider na Ratiba Aliyotuachia

Marehemu Janelle Ruth Crider alizaliwa tarehe 3 Mei 1978 mjini West Plains, Missouri, mtoto wa pili wa Bwana Harlan Uchtman, aliyemtangulia, na Bibi Wanda, ambaye tuko naye hapa mstari wa mbele. Mimi ni Keziah, mtoto wake wa kwanza. Sijalia bado, kwa hiyo familia ikaona mimi ndiye nitakayeweza kuisoma karatasi hii hadi mwisho.

Alisoma shule za mjini, saa nzima kwenye basi asubuhi na saa nzima jioni, akahitimu mwaka 1996. Alikuwa mzito wa kusoma. Alituambia kwamba darasa la nne mwalimu alifungua ukurasa mpya kila mara kabla yeye hajamaliza wa zamani, na mwaka mzima akajua nusu nusu za hadithi. Hakumlaumu mwalimu, maana watoto walikuwa thelathini na mmoja. Ila aliapa kwamba wanawe watamaliza kurasa zao.

Aliajiriwa katika duka la chakula cha mifugo. Huko ndiko kijana mmoja mfugaji, Loyd Crider, alikokuja kununua gunia moja moja kila siku, wakati ng'ombe wake walihitaji kumi kwa mpigo. "Vipi, gari lako springi zimekatika?" Mama alimuuliza. Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 2003, katika kanisa hili.

Kazi ya maisha yake ilianza Agosti 2009, alipoanza kunifundisha mwenyewe nyumbani, kwenye meza ya jikoni, badala ya kunipeleka shule. Ratiba ya kwanza ilikata siku nzima vipande vya dakika ishirini, na kila kipande kilipoisha aligonga kengele ya ng'ombe. Siku ya tatu mimi nalia chini ya meza na yeye analia juu yake. Baba akaingia na buti zake, akaisoma ile karatasi.

"Mke wangu, hata ng'ombe huwa nawapa muda wa kucheua."

Mama alimrushia kitambaa cha vyombo, kisha akaichana ratiba. Tangu hapo alipanga kwa mfuatano, akaachana na dakika. Hesabu zilikuja mwanzo, akili ikiwa bado mbichi. Aliye mdogo kuliko wote alisomewa kabla ya wengine, akishiba hatasumbua. Baada ya chakula cha mchana Mama alisoma hadithi kwa sauti huku sisi tukichambua maharage. Ijumaa mchana hapakuwa na kitu. Ndama akizaliwa, hesabu zilingoja, na katika daftari la saa za masomo linalotakiwa na sheria ya jimbo letu aliandika: sayansi, saa mbili.

Mwezi Machi 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya ovari. Alitibiwa Springfield hadi Oktoba, ndipo akaomba kurudi nyumbani. Mwezi huo huo nilikiandikia chuo cha uuguzi kwamba sitaitumia nafasi niliyopewa. Sikumwambia mtu. Mdogo wangu Asa ana miaka kumi na mitatu, na Tirzah, kitinda mimba wetu, ana saba. Nilijua ni nani atakayekaa kwenye kiti cha Mama pale mezani, awafundishe.

Kitandani Mama aliomba rula na karatasi. Alifanya kazi siku tisa, akipumzika kila baada ya mistari miwili. Alipomaliza akaniambia niibandike ratiba hiyo mpya kwenye friji. Hesabu, Baba, akitoka kukamua. Kusoma, Bibi Wanda. Sayansi, jirani yetu Bi Opal Teague, Jumanne na Alhamisi. Asa amsikilize Tirzah tahajia. Nilisoma siku zote tano, kisha nikarudia.

"Mama, umenisahau."

"Sijakusahau. Wewe umeshahitimu. Cheti chako nilikisaini mwenyewe."

"Baba hawezi hesabu za sehemu."

"Kila siku anapima dawa za ng'ombe, huyo. Anaziweza, ila mwenyewe hajijui."

"Nawasikia nyie!" Baba alijibu kutoka jikoni.

"Basi kama unasikia, kajisomee ukurasa wa arobaini!" Mama akamjibu. Kisha akanishika mkono. "Umekiandikia chuo, si ndiyo? Basi kiandikie tena."

Sikuandika. Nilimwambia nitaandika, lakini sikuandika.

Alifariki Alhamisi, tarehe 8 Februari 2024, asubuhi, sote tukiwepo. Majirani walileta vyakula vingi, vikajaa hadi kwenye kibaraza. Sikumbuki nilichokula.

Kesho yake, saa mbili na nusu asubuhi, Asa na Tirzah walikaa mezani. Hakuna aliyewaita. Baba akaingia, mikono bado ina maji, akafungua kitabu cha hesabu, akakikodolea macho kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Haya. Tuseme una ng'ombe wanane, na robo yao wanaumwa." Tirzah akaanza kuhesabu kwa vidole. Mimi nilisimama karibu na sinki. Hapakuwa na kitu cha mimi kufanya. Hapo ndipo nilipojua kwamba Mama amekufa.

Ameacha mume, Loyd, mama mzazi, Wanda, mwana, Asa, na mabinti wawili, Tirzah na mimi. Jumamosi nilikiandikia chuo. Baba, samahani, unasikia hili kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Nimewaambia nakuja Agosti.

Pumzika sasa, Mama, kwa amani ya Bwana.