Namna Niligeuka Muosha Ndege

Baba na mama wa kikundi chetu cha matanga, amani kwenu. Mwenye mutoto analia atoke naye kidogo, si kwa ubaya. Nataka kila mutu asikie aibu yangu leo, juu sitairudilia.

Munanijua, nauza mabati. Munajua pia kama narusha ndege, juu nimeambia kila mutu, ata wenye hawakuuliza. Nilijifunza Uganda, kidogo kidogo, kila mara nilienda kutafuta mabati. Kisha siye wafanyabiashara watatu tukanunua kandege ka zamani ka viti vine. Si kazi, hakuna mutu ananilipa. Ni furaha yangu ya siku ya Mungu kisha misa: natoka Bunia, nazunguka juu ya Marabo, naangalia mashamba, narudi kula kama mufalme.

Bibi yangu hakupenda. Kila mara aliuliza: "Baba ya watoto, na ukianguka?" Na mimi kila mara nilijibu: "Tulia, nilipanga kila kitu."

Ndugu zangu, nawaambia, nilipanga kweli. Lakini nilipanga vibaya.

Siye watu wa huku tunajua kuchanga kisha mutu amekufa, tena tunachanga muzuri. Mimi nilitaka kuchanga mbele ya kufa. Ni ile assurance ya maisha, Wakenya wanaiita bima: unalipa kila mwaka, na siku unakufa kampani inalipa bibi na watoto. Mama mumoja wa assurance akakuja kwa duka na karatasi. Anauliza, najibu, anaandika. Unavutaka tumbako? Hapana. Uko na ugonjwa wa sukari? Hapana. Akafika nambari tisa: "Unarushaka ndege weye mwenyewe, ama unapandaka tu kama abiria?"

Nilikuwa nimesikia kama wenye kurusha ndege wanalipishwa zaidi, na wengine wanakataliwa. Nikamuangalia kwa macho makavu, nikasema: "Napandaka tu, mama. Tena naogopaka."

Akaandika. Nikatia sahihi. Musicheke, bado hatujafika.

Ikafika mahari ya mudogo wangu. Tukaenda kwa wakwe, siye upande huu, wao upande ule, zawadi katikati. Munajua desturi yetu: musemaji anasimama, anaonyesha watu wake mumoja mumoja, na kila mutu anaongezeka kidogo ndani ya kinywa chake. Musemaji wetu alikuwa baba mudogo. Kwake, mutu mwenye kuku mbili ni mufugaji mukubwa. Akafika kwangu: "Na huyu, wakwe zetu, ni pilote! Anarusha ndege na hii mikono yake! Kikombe cha kwanza cha chai anakunywa Bunia, cha pili Epulu!"

Vigelegele vikapigwa. Nikasimama, nikainua mukono kama askofu. Njo nikaona, mustari wa pili upande wa wakwe, mama wa assurance. Kumbe ni shangazi ya bibi harusi. Chupa ya limonadi ilikuwa imesimama mbele ya kinywa chake, haishuke, haipande.

Ndugu zangu, kinywa changu hakikuniuliza. Kilisema chenyewe: "Baba mudogo anapenda michezo. Mimi siko pilote. Naosha tu ndege."

Baba ya bibi harusi akatoa miwani. "Muliniambia ni pilote, kumbe ni muosha ndege. Sasa ile ng'ombe munasema inangoja Mahagi, ni ng'ombe kweli, ama ni mbuzi yenye kunona?"

Watu wake wakaanza kunung'unika. Wakasema mahari isimame mpaka waende kuona ng'ombe na macho yao. Na kwenda Mahagi na kurudi ni siku nyingi, njia zetu munazijua. Ilikuwa sawa na kusema harusi imekufa. Baba mudogo akakaa chini mwenyewe, bila kuambiwa. Tangu nizaliwe sikuona ile jambo.

Mudogo wangu aliniangalia tu. Alikuwa ndani ya suti ya kuazima, jasho linashuka mpaka kwa kola. Nikasema kwa roho: huyu anapoteza bibi juu ya nambari tisa yangu.

Nikasimama tena. "Wakwe zetu, mimi ni pilote, na ng'ombe iko. Mwenye nilidanganya si nyinyi. Ni ule mama pale nyuma." Nikaeleza yote. Nikatoa kitabu changu cha pilote kwa mufuko, kikapita mukono kwa mukono mpaka kwa bibi kizee mumoja, akakisoma kikiwa juu chini, akasema: "Ni yeye kweli."

Nilijua mama wa assurance atanipigia kelele. Lakini mbele aseme kitu, bibi yangu aliinuka. "Mama, huyu akianguka na ndege yake, mimi na watoto tunapata nini?"

"Kwa karatasi vile iko leo, mama, hakuna. Na juu alidanganya, ata akikufa na malaria, kampani inaweza kukataa."

Bibi yangu akanigeukia. "Kumbe ulikuwa unaniachia karatasi ya kufungia karanga."

Watu walicheka kama nyinyi munacheka, na baba ya bibi harusi akarudisha miwani, mahari ikaendelea. Mimi iliniumiza sana. Zile siku zote za Mungu nilimuambia atulie, na yeye aliniamini, akatulia.

Kesho yake tulienda wote wawili kwa ofisi. Wakaniuliza yote: nimeruka saa ngapi tangu nianze, ndege ya namna gani, naenda wapi, munganga anasema nini juu ya moyo na macho yangu. Safari hii nilisema kweli. Mama akatueleza njia mbili. Moja, bei inabaki, lakini nikikufa nikiwa narusha, hawalipe. Ya pili, nalipa zaidi, na wao wanalipa ata nikianguka na ndege. Nikafungua kinywa nichague. Bibi yangu akasema: "Weye ulichagua mara ya kwanza." Akachagua ya pili. Ile pesa ya zaidi inatoka kwa mbuzi yangu ya kuchoma ya siku ya Mungu.

Jibu lilikawia kutoka kwa wakubwa wa kampani, Kinshasa. Zile juma zote sikuruka. Nilikuwa naenda kiwanja kisha misa, na ndoo na sabuni, naosha ndege. Kwa hiyo mbele ya wakwe sikudanganya sana, niliwahi tu.

Mudogo wangu alioa. Ng'ombe ilifika, nyembamba kuliko ile ya kinywa cha baba mudogo, lakini ng'ombe. Namushukuru mudogo wangu kwa ile jicho aliniangalia nayo. Namushukuru mama wa assurance, hakuniaibisha zaidi ya vile nilijiaibisha. Na bibi yangu, yuko pale, anajificha na kitambaa.

Wenzangu, kama kuna nambari tisa kwa karatasi yako, enda uisahihishe ungali na kinywa cha kusema. Ukikufa, bibi yako njo atajibu pahali pako. Karatasi yangu mupya iko ndani ya sanduku yake, chini ya vitenge. Mpaka leo hajaifungia karanga.