Chumba cha Karani, Ghorofa ya Pili

Kijiwe chetu ni benchi la mwaloni lililo chini ya lile paa la mawe ambapo bibi zetu waliuzia siagi, katikati ya uwanja wa soko wa Thaxby, na sheria yake ni moja tu: anayewahi Jumatano, siku ya soko, ndiye anayekaa upande usiovuja. Jumatano hii aliwahi Mnada, jina lake la ubatizo Hedley Spink, aliyenadi kondoo na ng'ombe hapa miaka arobaini na hajajifunza kushusha sauti tangu mnada wenyewe ufungwe. Pembeni yake alikaa Bi Stempu, yaani Thelma Cragg, aliyekuwa dirishani posta mpaka posta ikahamishiwa ndani ya duka la magazeti. Yeye ndiye mwenye chupa ya kahawa, kwa hiyo yeye ndiye serikali. Wa tatu ni Karani, Cuthbert Lyle, mzee wa tai kila siku, hata siku ya kutoa takataka. Mimi wananiita Ndoo, nasafisha madirisha. Mvua ilikuwa ile ya Aprili, hainyeshi na haikatiki. Ng'ambo ya uwanja, juu ya lililokuwa duka la matandiko ya farasi, kibao cha "Ofisi ya Kupangisha" kilichoning'inia miaka sita kilikuwa kimebandikwa karatasi nyekundu: "Kuna Mwombaji". Basi, vita ikaanza.

Mnada: Mmekiona kibao? Mmekiona? Mimi nilisema! Chema chajiuza, kibaya chajitembeza!

Bi Stempu: Miaka sita kinapigwa na mvua, Hedley. Hapo kilichojiuza ni kipi?

Mnada: Kimejiuza polepole. Mali nzuri haikurupuki.

Bi Stempu: Haya, kunywa kahawa, usije ukajiuza na wewe.

Ndoo: Lakini ni nani huyo aliyekitaka?

Mnada: Daktari wa meno. Hilo halina mjadala. Nimemwona mtu juzi anakitazama kile chumba huku ameshika shavu.

Bi Stempu: Acha zako! Daktari wa meno atapitisha wapi maji? Jengo lile limo kwenye orodha ya majengo ya kale. Mwaka juzi mwenye jengo alipaka mlango rangi ya kijani, halmashauri wakamletea barua kwamba kijani chake sicho. Kijani sicho! Sembuse mabomba.

Mnada: Basi atang'oa makavu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Ndoo: Guu na jino vinahusiana vipi, mzee?

Mnada: Vyote vinavunjika. Wewe endelea na ndoo yako.

Karani hakucheka. Kikombe kilikuwa kinapoa mkononi mwake, na macho yalikuwa kule juu, kwenye dirisha la pili kutoka kushoto. Nami niliyatazama maji ya mvua maana nilikuwa najua, na nikijua kitu uso wangu hautunzi siri. Jumatatu asubuhi nilikuwa juu ya ngazi yangu nje ya dirisha lile lile. Nilipofuta povu, nikamkuta Karani yuko ndani, ndani ya chumba kitupu, amesimama na koti lake mahali ilipokuwa meza yake miaka thelathini na moja. Dalali wa kike anayekipangisha chumba alikuwa mlangoni na funguo. Karani akaniona, akaweka kidole mdomoni.

Jioni ile akanisubiri getini kwake akanieleza. Anakipanga. Alikuwa amekwisha kuomba, kajaza fomu kwa ule mwandiko wake wa kupinda. Kuna kampuni ya mjini Leicester nayo inakitaka, na dalali amesema fomu itakayokamilika kwanza ndiyo itakayopewa funguo, mwisho Jumatano saa sita mchana. Nikamwuliza, sasa mzee wangu, na miaka sabini na sita hiyo, ofisi ya nini? Akasema, "Wewe nyamaza tu mpaka Jumatano." Nimenyamaza siku mbili. Mke wangu alidhani naumwa.

Bi Stempu: Mimi nawaambia ni watu wa kompyuta. Hao hawakai. Wanapanga chumba wapate anwani tu. "Uwanja wa Soko, Thaxby," inapendeza juu ya barua. Kisha wenyewe wako Ureno wanaota jua.

Mnada: Anwani bila mtu?

Bi Stempu: Nimegawa barua mimi. Nusu ya anwani za nchi hii hazina mtu ndani.

Mnada: Basi dada, hujui lililo chini ya jambo hili. Sikieni. Sogeeni, Ndoo usiniletee maji. Watawa.

Ndoo: Watawa gani tena?

Mnada: Watawa wa zamani walichimba njia ya chini kwa chini kutoka kanisani hadi kwenye baa ya Swan, wakipitisha fedha za kanisa. Kila mtu anajua. Kisichojulikana ni mlango wake. Mlango wake uko kwenye jiko la moto la chumba kile!

Bi Stempu: Chumba kile kiko ghorofa ya pili, Hedley.

Mnada: Ndiyo.

Bi Stempu: Njia ya chini kwa chini, mlango wake ghorofa ya pili?

Mnada: Ungekuwa mwizi ungeutafuta huko? Hungeutafuta! Watawa walikuwa na akili, bwana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wao wakakiweka juu ili watu wainame bure.

Tulicheka mpaka yule muuza jibini wa kibanda cha pili akageuka. Karani pia alitabasamu kidogo, na Bi Stempu, ambaye macho yake hayakosi kitu, akamjazia kikombe.

Bi Stempu: Karani, wewe ndiye uliyekaa mle. Mbona umetuachia sisi wajinga? Kuna nini cha maana kwenye kile chumba?

Karani: Hakuna kitu.

Bi Stempu: Hakuna kitu, na shingo yako imeelekea huko tangu saa nne?

Karani: Ni chumba cha kaskazini. Mwanga wake hauhami. Boriti ni ya chini, wageni wote waligonga paji la uso mara ya kwanza, ya pili hawagongi. Basi.

Mnada: Ofisi ya wathamini wa mashamba! Nakumbuka. Baba yangu alikuwa anapanda pale kila Jumatano.

Karani: Kila Jumatano. Watu wote wa vilimani walipanda. Simu walikuwa nazo, lakini hawakuzitumia. Mtu aliendesha trekta maili tisa kuja kuweka sahihi moja, halafu akakaa robo saa hajasema kitu, anatazama kalenda. Chini mlangoni kuna kile chuma cha kukwangulia matope. Walikuwa wanakwangua, halafu wanapiga buti chini mara mbili, halafu wanapanda. Nilikuwa najua ni nani kabla hajafika nusu ya ngazi. Outhwaite alikuwa anapumzika ngazi ya kumi. Mjane wa Skelbrooke alipanda anaimba. Baba yako, Hedley, alikuwa anapanda mbili mbili mpaka mwaka ule alioanguka na farasi, baada ya hapo moja moja.

Mnada akakiinamia kikombe chake. Sijawahi kuiona hali hiyo.

Karani: Desemba nilikuwa nikifungua mlango nakuta kware wawili wamefungwa kwenye kitasa. Hakuna karatasi, hakuna jina. Najua tu ni mtu niliyemwandikia barua yake vizuri. Sasa nyumbani kwangu mlango unabishwa na kijana wa vifurushi, na vifurushi vyenyewe ni vya jirani.

Bi Stempu: Cuthbert.

Karani: Sisemi kwa kulalamika. Umeniuliza.

Tukanywa kahawa. Nilimhurumia mzee yule, nakiri, nikatamani mimi mwenyewe kusikia buti hizo, mimi ambaye nilizijua kwa upande wa nje wa kioo tu. Zamani Jumatano nilikuwa nasafisha madirisha yenye watu nyuma yake: huyu anapiga taipu, yule anagombana, mwingine anakuonyesha kwa kidole pale ulipobakisha uchafu. Siku hizi nasafisha kioo, najiona mwenyewe.

Mnada aliporudiwa na sauti alirudi nayo yote.

Mnada: Basi naapa! Huyo mpangaji, awe wa meno, awe wa watawa, mimi nitakwenda kumwambia: mwenyeji wa chumba kile yuko hapa kwenye benchi! Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Bi Stempu: Leo umepatia methali kwa bahati mbaya.

Mnada: Nani huyo anakuja? Ndiye huyo! Nimemwita na amekuja!

Aliyekuja alikuwa yule dalali, Tamsin, mgeni wa mji, hajatimiza hata miezi mitatu. Alivuka uwanja kati ya kibanda cha jibini na cha soksi, mwavuli mkono mmoja, bahasha mkono wa pili. Akatuamkia wote kwa heshima. Akasimama mbele ya Karani.

Tamsin: Bwana Lyle, samahani sana. Nimekwenda kwako sikukukuta, jirani akaniambia upo hapa. Ni kuhusu fomu yako ya kile chumba.

Mnada: Fomu yako?

Bi Stempu: Fomu yako?

Karani akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akairudisha. Masikio yalikuwa mekundu.

Karani: Ndiyo. Ni mimi.

Mnada: Wewe! Umekaa hapo unatusikiliza tunahangaika na watawa, kumbe mtawa mwenyewe ni wewe!

Bi Stempu: Nyamaza, Hedley. Na wewe Ndoo, usijifanye unashangaa. Ulijua. Tangu Jumatatu umekuwa mpole.

Ndoo: Niliwekewa kidole, Bi.

Bi Stempu: Nitakuwekea kingine.

Lakini alikuwa ameshamshika Karani mkono, na hakuuachia. Mnada naye akainuka upande wake usiovuja, akampisha Tamsin akae, na hilo katika historia ya kijiwe halijapata kutokea. Binti alikataa kukaa. Akatazama saa ya kanisa. Zilibaki dakika ishirini kutimia saa sita.

Tamsin: Fomu ni nzuri kabisa, bwana. Mkubwa wangu amesema hajaona mwandiko kama huu. Wenzako wa Leicester yao bado ina mapengo. Yako ina nafasi moja tu iliyobaki wazi.

Mnada: Ati nini? Karani ameacha nafasi wazi? Binti yangu, mtu huyu alimrudisha baba yangu maili kumi na mbili, kwenye theluji, kwa sababu hakuandika tarehe!

Karani: Alirudi nayo kesho yake.

Mnada: Alirudi na mafua! Wewe uache nafasi wazi?

Karani: Nilitaka kuifikiria.

Tamsin: Ni kitu kidogo. Ngazi ni moja na ni ya kale, kwa hiyo watu wa bima wanataka kujua. Nitaandika mimi mwenyewe hapa hapa, halafu nakukabidhi funguo. Kwa siku, watapanda watu wangapi kuja kwako?

Karani alimtazama kama hakusikia, na alikuwa amesikia.

Karani: Siku za kawaida, au Jumatano?

Tamsin: Siku yoyote, bwana. Hata Jumatano.

Mnada: Andika arobaini!

Tamsin: Arobaini ngazi haitawabeba, mzee wangu.

Mnada: Basi andika wanne. Sisi.

Bi Stempu: Sisi wanne ni pamoja na yeye mwenyewe, Hedley. Tunabaki watatu. Na mimi na goti hili, ngazi thelathini na nne? Kwangu kitandani kwenyewe nimehamia chini.

Mnada alitazama nyonga yake, ile ya chuma. Mimi nilitaka kusema mmoja, niandikwe mimi, lakini mimi sina shida ya kunipandisha kwake: kazi yangu inanipitisha nje ya dirisha tu. Na Karani anajua tofauti ya mtu anayekuja kwako na mtu anayepita kukuhurumia. Aliwatofautisha kwa mlio wa miguu yao kwa miaka thelathini na moja. Nikawahesabu wale aliowataja. Outhwaite yuko makaburini upande wa ule mti mkongwe. Mjane wa Skelbrooke yuko karibu naye. Wana wao wanathaminiwa mashamba yao kwa picha za kutoka angani.

Tamsin aliona tumekwama. Ni binti mwenye roho nzuri, nitamtetea popote. Akainama kidogo, akashusha sauti, akitaka kumsaidia mzee.

Tamsin: Bwana Lyle, usihangaike. Hata sifuri inakubalika. Wapangaji wengi siku hizi wanaandika sifuri. Niandike sifuri?

Akafungua kifuniko cha kalamu kwa meno, akaiweka karatasi juu ya bahasha isilowe. Funguo zilikuwa zinaning'inia kwenye kidole chake kidogo. Karani alizitazama funguo, akamtazama Bi Stempu, akamtazama Mnada, mwisho akanitazama mimi, mmoja mmoja, akingoja mwenzake yeyote amwambie cha kujibu.