Mkono wa Fundi Vasanji

Sadallah: Haloo, kiwanda cha mbao. Nani mwenzangu?

Vasanji: Mwambie tajiri wako anapigiwa simu na Jumanne, tarehe kumi na nne Aprili, hamsini na tatu, siku niliyoacha mkono kwenye msumeno wake.

Sadallah: Fundi Vasanji. Shikamoo.

Vasanji: Marahaba. Nipe huyo tajiri, Seti Kalyanji.

Sadallah: Seti hayu—

Vasanji: Namsikia anakohoa. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye msumeno wake, kikohozi chake nakijua.

Sadallah: Yupo. Ila kasema hashiki simu. Sema na mie, nimfikishie.

Vasanji: Mfikishie basi. Kesho mke wangu anatimiza mwaka toka afe. Kwa dini yetu Wahindu, wa kummiminia maji ya wafu hekaluni ni mie mumewe. Jana kuhani kaniambia mwenyekiti wa kamati ya hekalu amekataza. Mwenyekiti ndiye huyo anayekohoa.

Sadallah: (minong'ono ya Seti kwa nyuma) Anasema si yeye, ni dini. Lazima viganja vikutane kifuani. Wewe unacho kimoja.

Vasanji: Maji ya wafu yanapita kati ya gumba na kidole cha shahada, mkono wa kulia. Wa kulia ninao. Muulize yeye alifundishwa wapi.

Sadallah: Anasema na kusujudu vilevile. Kulala kifudifudi kwa viungo vinane—

Vasanji: Paji la uso, kifua, magoti mawili, miguu miwili, mikono miwili. Jumapili nimelala chini hekaluni, yeye kanisimamia juu, ananihesabu viungo kwa sauti. Kafika saba, kanyamaza. Watu wakacheka. Cha nane kiko wapi, Sadallah? Si wewe uliyekiokota ukakifunga kwenye gunia?

Sadallah: Fundi, simu hizi zina masikio—

Vasanji: Na yasikie. Nani aliagiza kinga ya msumeno ing'olewe, eti mbao zitoke upesi?

Sadallah: (waya unakoroma)

Vasanji: Unakula kwake, sikulaumu. Ila marehemu mke wangu kakulisha chapati zake miaka mingapi, hata siku moja hakukuuliza dini yako.

Sadallah: Najua, fundi. (minong'ono) Anasema... shemeji yako Gokal amiminie. Ana mikono yote.

Vasanji: Gokal hata kumbeba dada yake alipokufa hakuja. Nilitaka Hansa akae ubavuni kwangu, kiganja chake cha kushoto kikutane na changu. Binti wa marehemu wa kumzaa. Hilo nalo?

Sadallah: Anasema dini si maigizo.

Vasanji: Wakubwa bwana. Anakukata, halafu anakufukuza kwa kuwa umekatika. Haya, mpe hili neno kwa neno. Kesho saa moja asubuhi nakaa kwenye kizingiti cha hekalu, miguu nimekunja, uso kusini, upande wa wafu. Kigutu changu nakigusanisha na kiganja, hapa kifuani, kila anayeingia akione. Atakayeuliza mkono umekwenda wapi, namjibu.

Sadallah: (minong'ono mirefu) Fundi... kasimama.

Vasanji: Anasema nini?

Sadallah: Katungua ufunguo wa hekalu ukutani. Anautazama tu. Sasa kautia mfukoni, anatoka nao.

Vasanji: Anakwenda kunifungulia?

Sadallah: Haloo? Fundi, unakatika—

Vasanji: Nakuuliza, Sadallah. Anakwenda kufungua, au anakwenda kufunga?